Tuta Langu na Baiskeli ya Robhi

Kofia ngumu nimeirudisha, koti la kung'aa nimelirudisha, na funguo za stoo nimezikabidhi mbele ya mashahidi wawili kana kwamba ndani kuna dhahabu. Kigoda sikurudisha. Hakikuwa mali ya ofisi, na aliyenipa asingependa nikiache kwa watu wanaofanya kazi kwenye viti vya magurudumu. Ninyi vijana mliobaki mliniomba niwaandikie maelezo ya kiufundi kuhusu barabara za mitaa. Nitaandika, lakini kwa njia yangu, maana ufundi bila watu ni michoro tu, na michoro mnayo ya kutosha kwenye lile kabati lisilofunguka.

Habari za vyeo nazipita. Nataka hasa kuwaeleza kuhusu mtaa mmoja wa Turwa, hapa Tarime, na mwanamke mmoja, Robhi, muuza maziwa, ambaye aliacha kupanda baiskeli yake kwa sababu ya kosa langu. Tuta lilikuwa langu, mwanya ulikuwa wangu, na saini kwenye mchoro ni ya Bhoke, yaani mimi. Najua mnaniita Mama Matuta nikigeuka. Endeleeni tu, nimelizoea.

Nilizaliwa kijiji cha Nyarero, katika nyumba yenye mahindi, ng'ombe na baiskeli moja. Baiskeli ilikuwa ya baba. Kaka zangu walijifunzia hiyo, wakaanguka nayo, wakaipinda, wakasamehewa. Sisi wasichana tuliruhusiwa kuiosha. Nasema hili mapema msije mkalalamika kwamba niliwaficha: nilisomea ufundi wa barabara, nikapata cheti, nikafanya kazi ya barabara maisha yangu yote, na sikujua kuendesha baiskeli. Kwenye usaili hakuna aliyeniuliza.

Siku ya kwanza kazini nilifika na viatu vya kisigino na kalamu nne mfukoni. Nikakabidhiwa kwa Mzee Masanja, msimamizi wa kazi za nje, Msukuma aliyekuja Tarime ujanani kuendesha greda na akaoa hukuhuku. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia, akaviangalia viatu vyangu kwa huruma, akaingia stoo, akatoka na kigoda cha miguu mitatu.

"Chombo chako hiki," akasema.

"Na tepu ya kupimia, mzee?"

"Tepu utapewa ukishajua unapima nini. Nenda pale njia panda ukae. Jua likizama uje uniambie nani amepita."

Nikakaa. Niliandika malori, mabasi madogo, pikipiki, yote kwa safu zilizonyooka na vichwa vya habari vilivyopigiwa mstari. Jioni nikampelekea karatasi yangu nikisubiri sifa. Akaisoma polepole mpaka chini, kisha akaigeuza kuangalia kama nyuma kuna kitu.

"Leo ng'ombe hawakupita?"

"Walipita, mzee. Wengi tu."

"Mbona hawamo?"

"Ng'ombe si magari."

"Barabara ni ya wanaopita, binti yangu. Kesho rudi. Na wenye kuni kichwani uwaandike, na wa baiskeli, na bibi anayevuka kwenda kuomba chumvi."

Nilidhani bibi wa chumvi ni mfano tu. Siku ya tatu nilimwona kwa macho yangu: alivuka na kikombe, akakaa huko kwa mazungumzo mpaka mchana, akarudi na kikombe kikiwa kitupu kama alivyokwenda nacho. Nikamwandika mara mbili, kwenda na kurudi, na Masanja akanipa tepu.

Mzee yule alikuwa na kanuni ambayo alipenda kuisema mbele ya wageni ili tuone haya: barabara inapimwa kwa makalio. Alimaanisha ukae kwanza, uangalie mpaka uchoke, ndipo uguse kalamu. Ya pili ilikuwa ya chokaa. Kabla ya kumwaga zege lolote alichora umbo lake chini kwa chokaa, akaacha watu wapite siku kadhaa, akarekebisha, akachora tena. Chokaa inafutika kwa mvua, alisema, lakini zege halifutiki kwa kuomba radhi. Alinifundisha pia kupima usawa kwa mpira wa maji, kujua udongo mzuri wa moramu kwa kuufinyanga kiganjani, na kutomwamini mtu anayesema mtaro hauhitaji mteremko. Alipostaafu akarudi kwao, kigoda akaniachia mimi.

Miaka mingi baada ya hapo ilikuwa ya mitaro na kalavati. Sitawachosha. Mtaro ni mtaro.

Kisha lami ikaja Turwa. Mtaa ninaousema unashuka kutoka kwenye mashine ya kusaga, unapita katikati ya nyumba na vibaraza vya maduka, unaishia shule ya msingi. Kabla ya lami, mashimo yalifanya kazi ya askari wa barabarani kila siku bila likizo. Hakuna dereva aliyeweza kukimbia pale hata angetaka. Tulipoweka lami akina mama walitoka wakapiga vigelegele, na mimi nilijiona mtu. Wiki mbili baadaye kuku wakaanza kupungua. Pikipiki za Sirari, kule mpakani, zilishuka pale kwa kasi, vijana wa kuchimba dhahabu waliokuja kutoka mikoa mingine walipita wakiwahi machimboni, na watoto wa shule walisimama ukingoni wakisubiri kuvuka mpaka kengele ya shule ikalia bila wao.

Wakazi walikaa kikao wakaomba matuta. Majibu yetu yalichelewa, kama kawaida, kwa hiyo Jumamosi moja wakatoka na majembe wakajijengea wenyewe. Hawa ni watu wanaolima viazi vitamu. Walijenga tuta wanalolijua: refu, lenye mgongo mkali, na udongo umeshindiliwa vizuri kwa jembe. Gari dogo la kwanza kufika lilipanda juu na kukaa kwa tumbo, magurudumu yote manne yakizunguka hewani. Lilivutwa na maksai wawili waliokuwa wametoka kulima. Dereva alishukuru, lakini hakuna aliyeelewa alikuwa anamshukuru nani.

Basi nikaitwa mimi. Nikaweka matuta saba, ya zege, yenye urefu na upana wa kitabuni, yakapakwa rangi. Magari yakapunguza mwendo. Watoto wakavuka. Wiki hiyo nilisalimiwa na watu ambao siwajui.

Asubuhi moja mwanamke mrefu aliingia ofisini na dumu la maziwa, akaliweka juu ya meza yangu bila kuuliza kama kuna nafasi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Karibu."

"Nimekuletea siagi."

Akafungua kifuniko. Kweli, juu ya maziwa yalielea mabonge ya siagi.

"Nilipotoka Nyarero nilipakia maziwa," akasema. "Nimeshuka na matuta yako yote saba. Wateja wangu wanataka maziwa ya chai, mama. Hakuna aliyeagiza ya kukaangia."

Huyo ndiye Robhi. Alikuwa mjane mwenye watoto watatu, na chombo chake cha kazi kilikuwa baiskeli nyeusi aliyoachiwa na mumewe, madumu mawili ubavuni na moja juu ya keria. Pale Nyarero walimsema sana alipoanza kuipanda. Akawaacha waseme, akawahi Turwa. Mtaa mzima ulimjua kwa kengele yake: mara mbili, kimya kidogo, halafu mara moja. Ikilia, milango inafunguka na sufuria zinatoka kabla yeye hajafika. Nilipojua kwamba ni wa kwetu, tena anapanda kile ambacho mimi niliishia kukiosha, nilimpenda hapohapo, pamoja na siagi yake.

"Unataka nikufanyie nini?" nikamuuliza.

"Niachie njia ya tairi mbili tu pale pembeni. Magari yapande, mimi nipite chini."

Ombi la haki. Nikapima baiskeli yake hapohapo uani, na madumu yake, nikaongeza kiganja kimoja kila upande. Mafundi wakakata kila tuta ukingoni nikapata mwanya wa Robhi. Sikukaa kwenye kigoda hata saa moja. Kigoda wakati huo kilikuwa kona ya ofisi, kimewekewa birika la chai. Chokaa nayo sikuimwaga hata kidogo, maana nilikuwa Mama Matuta, mtu wa kusalimiwa barabarani.

Ninyi mmeshaona kosa langu lilipo, kwa sababu mmezaliwa na pikipiki. Baiskeli yenye madumu mawili ubavuni ina upana uleule wa pikipiki. Nilikuwa nimewajengea bodaboda mlango. Wale waliokuwa wanapunguza mwendo kwenye tuta sasa walilenga mwanya tangu mbali na kupita bila kugusa breki, tena pembeni kabisa, kule watu wanakotembea.

Robhi aliangushwa karibu na mashine ya kusaga. Yeye alikuwa ndani ya mwanya, na pikipiki ikaja ikiutaka mwanya huohuo. Nilipofika, maziwa yalikuwa yametiririka mpaka kwenye mtaro wangu, na nikaona kwa uchungu kwamba mteremko wa mtaro ulikuwa mzuri sana. Alivunjika mkono. Kijana aliyemgonga ndiye aliyempeleka hospitali, akakaa naye huko akilia kuliko yeye.

Mkono ulipona. Baiskeli ilinyooshwa. Lakini Robhi hakuipanda tena. Aliisukuma kwa miguu kutoka Nyarero na madumu yake juu, akifika Turwa wakati watu wameshakunywa chai ya rangi na kwenda kazini. Wateja wakaanza kununua kwingine. Kengele haikulia tena mtaani. Nilimwona siku moja akirudi na dumu lililojaa, maziwa yameanza kuchacha, nikapata aibu ambayo sijawahi kuipata kazini kabla wala baada. Nikamfuata nyumbani kumwomba msamaha.

"Mwanya wako ulikuwa mzuri, mama," akaniambia, akinikaribisha uji. "Tatizo kila mtu aliuona mzuri."

"Nikirekebisha, utapanda?"

"Rekebisha kwanza. Mguu ndio utakaoniambia."

Nilijaribu yote ambayo na ninyi mngejaribu. Nilisimika nguzo ya chuma katikati ya mwanya. Ikazuia pikipiki, ikazuia na madumu. Niliweka kibao cha "Baiskeli tu". Kikabandikwa tangazo la mganga wa nguvu za kiume, juu yake tangazo la kwaya. Tulimleta askari wa barabarani, na mambo yakawa safi sana mpaka alipokwenda kula. Nikamwita Marwa, mwenyekiti wa bodaboda wa kijiwe cha pale, nikamfokea.

"Mama, usinionee," akasema Marwa. "Vijana wangu hawajavunja kitu. Wanafuata njia uliyowaachia. Ungetaka wasipite, ungewaachia ya nini?"

Nilijikuna kichwa, kwa sababu alikuwa na haki.

Hapo ndipo nikatumwa wilaya ya jirani, Serengeti, kata ya Kenyamonta, kusaidia kazi ya kalavati lililobebwa na mvua. Karibu na kalavati kulikuwa na josho la ng'ombe, na mhudumu wake, Mwita, alikuwa mtu wa kelele nyingi na kazi safi. Nilikuwa nimebeba kigoda safari hii. Birika nimeliacha sakafuni. Zege lilipokuwa linakauka nikakaa nikaangalia josho, kwa kuwa hapakuwa na kitu kingine cha kuangalia.

Ng'ombe walikuja mbio wakisukumana, vumbi limetimka, nikajua sasa kuna mmoja atavunjika mguu. Walipofika kwenye ua wa miti unaoingia joshoni wakatulia wenyewe. Hakuna aliyewapiga wala kuwapigia kelele. Wakajipanga mmoja nyuma ya mwingine, wakaingia taratibu. Kundi la pili likafanya hivyohivyo. Nikamwita Mwita.

"Unawapa nini hawa?"

"Siwapi kitu. Hapo mwanzo niliweka gogo chini ili wapunguze mbio. Wakaliruka. Aliyeona pembeni pana nafasi alikimbilia pembeni, wakakanyagana. Nikatoa gogo. Nikabana ua, halafu nikaupinda. Ng'ombe haoni mwisho wa kona, kwa hiyo anatembea."

"Na wale ndama wanakwenda wapi?"

Ndama walikuwa wanapita peke yao nyuma ya ua mwembamba, kwenda kunyunyiziwa dawa kwa bomba la mkono.

"Ndama ana njia yake," Mwita akasema. "Lakini angalia, mama, inaanzia kule mbali, kabla ya kona. Ukimtenga pale penye kona umechelewa, wakubwa wameshamkanyaga."

Nilisimama, kigoda kikaanguka. Gogo lilikuwa tuta langu, na aliyekimbilia pembeni alikuwa bodaboda. Robhi alikuwa ndama niliyemtenga palepale penye kubana. Nilimkumbatia Mwita mbele ya ng'ombe wake, akashtuka, akasema kalavati lenyewe bado halijaisha mbona nafurahi hivyo.

Nikarudi Tarime na mchoro uliochorwa nyuma ya karatasi ya chanjo ya mifugo. Mhandisi wetu akaniuliza nimetoa wapi wazo hilo. Nikasema joshoni. Akauliza kama kuna gharama ya zege. Nikasema hakuna, ni mapipa, magunia ya mchanga na chokaa. Akakubali.

Jambo la kwanza nilivunja matuta yangu mwenyewe, nikianza na lile la karibu na mashine. Siwezi kuwadanganya, nyundo ya kwanza iliniuma. Halafu tukaubana mtaa kwa mapipa kutoka upande mmoja, mbele kidogo tukaubana kutoka upande wa pili, ukawa na kona mbili za kitoto ambazo dereva haoni mwisho wake. Njia ya baiskeli tukaianzisha mbali, juu kabisa ya kona, ikapita nyuma ya safu ya mawe yaliyopakwa chokaa, mbele ya vibaraza vya maduka. Pikipiki ingeweza kuingia huko ikitaka. Lakini kule kwenye njia kubwa hakukuwa tena na tuta la kulikwepa, na huku mbele ya vibaraza wamekaa akina mama wa ndizi na maandazi, na hakuna kijana wa Turwa anayetaka kujieleza mbele ya wale.

Nikakaa kwenye kigoda siku nne. Nilimwalika Marwa naye akae, akaja na kiti chake cha plastiki. Siku ya kwanza lori la ndizi liligusa pipa, tukalisogeza pipa hatua moja, nikaandika. Siku ya pili kijana wa bodaboda kutoka upande wa Sirari akasimama kabisa mbele yangu, amekunja uso.

"Mathe, hii kona mmetuwekea ni ya nini sasa?"

"Ya kukufanya usimame uniulize," nikamjibu.

Marwa alicheka mpaka akashika mbavu. Siku ya tatu mama mmoja alianika mihogo yake kwenye lami iliyobaki nje ya mapipa, akisema amefurahi sana ofisi imekumbuka akina mama. Nilitaka kumfukuza. Kisha nikaona madereva wanapunguza mwendo zaidi kwa kuogopa kukanyaga mihogo ya mtu. Nikamwacha, na kwenye ripoti nikaiandika mihogo kama alama ya muda.

Robhi alipita siku zote nne akisukuma. Siku ya mwisho nikamsimamisha.

"Robhi, umeona pikipiki hata moja huku kwako?"

"Sijaona."

"Basi panda."

Akaiangalia njia, akaniangalia mimi. "Mama, mara ya kwanza nilikuamini nikatangulia. Safari hii tangulia wewe. Chukua baiskeli, upite, mimi nitafuata."

Akina mama wa vibaraza wakatega masikio. Marwa akainua kichwa. Nikajikohoza.

"Mimi sijui kuendesha," nikasema.

"Hujui nini?"

"Baiskeli. Sijui. Ya nyumbani tulikuwa tunaiosha."

Kicheko kilichotokea pale nadhani walikisikia mpaka Nyarero. Robhi mwenyewe alikaa chini kwenye jiwe langu la chokaa akifuta machozi, na kwa kuwa nilikuwa sijamwona akicheka tangu aanguke, sikuona ubaya.

"Kumbe ndiyo maana!" akasema. "Jumamosi njoo uwanja wa shule. Nitashika keria."

Ningekuwa na akili zangu ningekataa. Nilikuwa nimebakiza miezi michache tu nistaafu, magoti yanalia kila nikichuchumaa. Lakini mwanamke yule alikuwa anasukuma baiskeli kwa miguu kila asubuhi kwa sababu yangu. Jumamosi nikaenda, nimevaa suruali ya kazi. Watu walikuja kuangalia wengi kuliko wanaokuja kwenye mikutano yetu ya wadau. Nilipoanguka mara ya kwanza mtu akapiga kelele kutoka nyuma: "Mama Matuta ameanguka na tuta halipo!" Niliinuka nikacheka nao, maana ningefanyaje.

Sasa maelezo ya kiufundi ndiyo haya, yaandikeni. Nilijifunza barabara upya juu ya kiti cha baiskeli ile. Nilijua kwamba mfuniko wa mtaro wenye matundu marefu yanayofuata njia unameza tairi jembamba, kwa hiyo matundu yakae kukatisha njia. Mifuniko ya aina ile nimeiweka mimi kwa miaka kumi na zaidi, na sikuwahi kufikiria hilo. Nilijua kwamba kona inayomtuliza mwenye gari inamyumbisha mwenye baiskeli aliyebeba mzigo ikiwa kali, kwa hiyo ya kwake iwe pana. Nilijua kwamba ukimsimamisha mtu wa baiskeli mwanzoni mwa mlima umemwadhibu, na kwamba kokoto ambayo gari haliioni, wewe wa baiskeli unaikumbuka siku nzima. Kila Jumatatu nilifika ofisini na michubuko mipya na marekebisho mapya. Tukageuza mifuniko. Tukapanua kona ya njia ya baiskeli. Ndipo tukaondoa mapipa tukajenga kwa mawe na zege, chokaa ikiwa imeshasema yote.

Robhi aliendelea kusukuma. Jumamosi alishika keria yangu, siku nyingine alisukuma ya kwake, na mimi sikumuuliza tena kuhusu mguu wake.

Wiki yangu ya mwisho kazini, nikiwa na baiskeli ya kuazima kutoka kwa Marwa, nilimngoja asubuhi juu karibu na mashine ya kusaga. Alifika akisukuma, madumu matatu yamejaa. Tukasalimiana. Akanionyesha njia kwa kidevu.

Nikapiga moyo konde, nikapanda. Usukani ulitetemeka kama una homa. Nikaingia kwenye njia nyuma ya mawe yangu, nikapita vibaraza vya kwanza, akina mama wa maandazi wameshika midomo wasicheke. Kwenye njia kubwa pikipiki mbili zilishuka pembeni yangu taratibu zikifuata kona, na mmoja wa vijana akaniamkia shikamoo. Sikuweza kuitikia, nilikuwa na kazi. Nikaipita kona ya kwanza. Nikaipita na mifuniko ya mtaro, yote miwili, tairi likapita juu yake bila neno.

Sikujua kama Robhi anafuata. Kugeuka nyuma nilikuwa sijafundishwa. Ningegeuka, ningekwenda chini. Nilikaza macho mbele, nikiwaza kwamba kama bado anasukuma, basi ninastaafu nikiwa nimeshindwa, na keki ya kuniaga wameshaiagiza.

Ndipo nyuma yangu ikalia kengele. Mara mbili, kimya kidogo, halafu mara moja. Mtu anayesukuma baiskeli hapigi kengele. Mbele yangu mlango mmoja ukafunguka, wa pili ukafunguka, sufuria zikaanza kutoka vibarazani, na mimi machozi yakanijaa mahali ambapo hasa nilihitaji kuona.

"Mama, sogea!" Robhi akapaza sauti karibu kabisa na mgongo wangu. "Maziwa yanachelewa!"

Nikasogea.